Mbakaji wa mtoto tunataka anyongwe, mjomba tunamficha. Tuzungumze ukweli

#1 Karani Mstaafu

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu wiki iliyopita. Mtaani kwetu kijana mmoja mpangaji alituhumiwa kumwingilia mtoto wa darasa la tatu. Kabla polisi hawajafika, watu walikuwa wameshafika: mawe, tairi, kidumu cha petroli. Mjumbe alimfungia yule kijana chooni, akakaa mlangoni mwenyewe hadi gari la polisi lilipokuja. Nilikuwepo. Wenye mawe sikuwashangaa, maana hata mimi damu ilichemka. Kilichonikosesha usingizi ni mama mmoja aliyekuwa mbele ya wote, sauti imemkauka kwa kupiga kelele achomwe.

Mama huyo alinijia nyumbani usiku, miaka sita nyuma. Alijua nafanya kazi mahakamani. Alitaka kujua kesi inafutwaje. Mtoto alikuwa binti wa marehemu dada yake, anamlea yeye. Mtuhumiwa alikuwa kaka yake, tumbo moja. Nilimwambia kesi ya namna ile haifutwi na ndugu, ni ya Jamhuri. Akaondoka. Mwezi uliofuata binti akahamishiwa kwa bibi yake mkoani, samansi zikawa zinarudi zimeandikwa "shahidi hapatikani", na jalada likafungwa. Kaka mtu anakuja kila sikukuu, anapakuliwa wa kwanza.

Nilikuwa karani wa mahakama ya wilaya kwa miaka 22. Nikisoma humu watu wanavyodai sheria ikazwe naona hatujui tulichonacho. Tangu 1998, Bunge lilipopitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, ile inayoitwa SOSPA, mtu mzima akipatikana na hatia ya kubaka anakwenda miaka 30 kima cha chini. Aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kumlawiti aliye chini ya miaka 18, kwa marekebisho yaliyokuja baadaye, nako ni maisha. Hakimu hana pa kushukia. Hiyo ni robo karne na zaidi. Kama ukubwa wa adhabu ungetosha, watoto wetu wangekuwa salama kuliko wa nchi nyingi.

Majalada yanakufa kabla ya hukumu, na nimeyaona yakifa. La kwanza linakufia nyumbani, halifiki hata kituoni, kwa sababu baba ndiye anayelipa kodi na ada, na mama anapiga hesabu ya miaka 30 bila unga. Jingine linakufia njiani: mtoto ameogeshwa, nguo zimefuliwa, daktari anampokea siku ya tano. Likifika mahakamani kuna mitego mingine. Umri wa mtoto lazima uthibitishwe, lakini cheti cha kuzaliwa hana, na mama hakuulizwa swali hilo kizimbani. Tangu marekebisho ya 2016, mtoto mdogo anatoa ushahidi kwa kuahidi kusema kweli na kutosema uongo, na zipo rufaa ambazo Mahakama ya Rufani iliufuta ushahidi wote wa mtoto kwa sababu hakimu hakuiandika ahadi ile kwenye mwenendo wa kesi. Mtu anatoka. Mtaani tunasema amehonga. Wakati mwingine kweli amehonga. Mara nyingi ni sentensi moja haikuandikwa.

Na sheria hiyo hiyo imempa mtoto nguvu ambayo wazazi hawaijui. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Rufaa ya Selemani Makumba ya 2006 inanukuliwa kila siku mahakamani: ushahidi bora wa kosa hili unatoka kwa aliyetendewa. Ila awepo. Asiwe amefichwa kwa bibi.

Ninachokitaka kwenu ni kimoja. Tukishamaliza kusema "anyongwe", tuulize pia: huyu mtu alifikaje kwa mtoto, nani alimwona akaacha, na alianza kuharibika lini. Nikiuliza hivyo mtaani naambiwa namtetea. Simtetei. Nimechoka kupokea majalada ya mambo yaliyokwisha kutokea.

#2 Baba Mapacha

Mkuu, nakuheshimu, lakini hapa umenikwaza. Nina mabinti wawili wa miaka saba. Usiniambie nikae chini nijiulize mbakaji alilelewaje. Mimi nililelewa kwa shida, baba mlevi, nimelala njaa, sijamgusa mtoto wa mtu. Ukianza kutafuta sababu umeshaanza kutafuta msamaha.

Madagascar mwaka 2024 wamepitisha sheria: ukimbaka mtoto wa chini ya miaka 10 unahasiwa kwa kisu. Jimbo la Kaduna kule Nigeria walipitisha tangu 2020. Hao ni Waafrika wenzetu. Sisi tunaogopa nini? Wabunge wetu wamelisema mara ngapi, linaishia kwenye makofi. Kunyonga ndiyo usiseme, adhabu ipo kwenye vitabu na tangu 1994 hakuna aliyenyongwa.

#3 Wa Bondeni Kenya

Hamjambo huko. Naingia kutoka upande wa pili wa mpaka maana hapa kwetu stori ni hiyo hiyo, majina tu yamebadilika. Tunaita unajisi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006: mtoto wa miaka 11 kushuka chini, maisha. Wa 12 hadi 15, si chini ya miaka 20. Wa 16 na 17, si chini ya 15. Mahakama zikajaribu kulegeza, wakasema hakimu apewe nafasi ya kuangalia kila kesi, mpaka Julai 2024 Mahakama ya Juu ikasema hapana, kiwango cha chini kinabaki.

Sasa niwakumbushe Busia 2013. Msichana wa miaka 16 alibakwa na genge akitoka matangani, akatupwa kwenye shimo la choo. Wanakijiji waliwashika vijana watatu wakawapeleka polisi. Adhabu waliyopewa? Kufyeka nyasi za kituo, kisha wakaenda nyumbani. Sheria ya 2006 ilikuwa na umri wa miaka saba siku hiyo, imeandikwa vizuri kabisa. Ilibidi watu zaidi ya milioni moja watie saini na waandamane Nairobi ndipo kesi ikaanza, na 2015 watatu wakafungwa miaka 15. Wangapi hawakupata saini milioni?

Mwaka huo huo wa 2013, Mahakama Kuu ya Meru ilitoa uamuzi ambao ningependa kila mzazi aujue. Watoto wa kike waliishtaki polisi kwa kutochunguza kesi zao za unajisi, na wakashinda. Jaji Makau alisema uzembe wa polisi wenyewe ulivunja haki za hao watoto na ukawapa wanajisi hakikisho kwamba hawataguswa. Hakikisho hilo ndilo linalowazaa. Kuhasi au kutohasi kunakuja baadaye sana.

#4 Bi wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Mimi niko Unguja. Huku tunasema udhalilishaji, na mwaka 2021 Serikali ilianzisha mahakama maalum kwa kesi hizi. Wameongeza kasi, nawapa haki yao. Lakini ugonjwa wetu mkubwa hauponi mahakamani, nao unaitwa muhali.

Wa bara huenda hamlijui neno hili kwa uzito wake. Muhali ni kumwonea mtu haya kumfanyia jambo litakalomuumiza, hata akiwa na kosa. Jirani yako, shemegi yako, mwalimu wa chuo cha Kurani aliyemsomesha hata baba yako. Unamwonea muhali. Sheha, kiongozi wetu wa mtaa, anamwonea muhali. Mama wa mtoto anakuja kwako analia, na kabla hujampa maji keshasema, "lakini nitamwangaliaje mkewe usoni?" Wazee wanakaa barazani, mambo yanasuluhishwa, mtoto anaambiwa anyamaze asije akakosa mume. Mkosaji anahamia Pemba au anakwenda Mombasa miezi mitatu, anarudi na kanzu nyeupe.

Halafu ukimuuliza mtu huyo huyo aliyesuluhisha, atakwambia wabakaji wapigwe mawe. Naye anaamini anachosema! Hadanganyi. Kichwani mwake mbakaji ni mtu mwengine, wa mbali, mwenye macho mekundu. Yule wa barazani ni Fulani bin Fulani aliyeteleza.

Muhali ni kitu kizuri mahali pake, ndicho kilichotufanya tuishi mia nyumba moja bila kugombana. Kwa mtoto umegeuka kuwa sumu.

#5 Baba Mapacha

Bi, umeniandikia jambo la kunifikirisha. Ila bado. Kama tatizo ni muhali, basi adhabu ya kutisha itamwondolea mtu muhali, ataogopa.

#6 Bwana Jela wa Zamani

Nimekuwa askari magereza nikiwa kijana na nimestaafu juzi. Sitaji vituo. Nataka kumjibu Baba Mapacha kwa nilichokiona, si kwa kitabu.

Wafungwa wa makosa haya, ukiwapanga mstari huwezi kuwatambua. Kuna bodaboda, kuna mlinzi, kuna babu wa miaka 70, kuna mtu wa sala tano, kuna mzee wa kanisa. Wachache sana walikuwa wageni kwa mtoto. Wengi mtoto alikuwa akiwaita baba mdogo, mjomba, babu, ticha. Nimewauliza wengi, usiku ni mrefu kule ndani: ulijua ni miaka 30? Wengi walijua. Ila hakuna aliyeniambia siku ile aliipima miaka 30. Walichokipima ni kama mama wa mtoto yuko sokoni, kama mtoto ataongea, na akiongea nani atamwamini. Wapo waliofanya kwa maneno ya mganga, kwamba ukilala na mtoto biashara itafunguka. Hao nao walikuwa na akili timamu kama wewe na mimi, walikuwa na tamaa ya hela. Wengine pombe. Wengine walinikera kwa kusema mtoto "alikuwa mkubwa". Na wapo walionyanyaswa wakiwa wadogo, hilo nalo nimelisikia mara nyingi.

Kingine, na hili halisemwi. Waliokuwa na adhabu ya maisha hawakupata mtu hata mmoja wa kukaa nao kuzungumza juu ya walichokifanya. Seremala, bustani, sala, basi. Yule wa miaka 30 aliyeingia na 22 atatoka na hajafika hata 55, na pengine mapema zaidi, maana msamaha wa theluthi ya kifungo unahesabiwa kwa baadhi ya makosa na kwa mengine hauhesabiwi. Anarudi kijijini. Kuna watoto kijijini.

#7 Kimya Kirefu

Nimesoma uzi huu mara mbili kabla ya kuandika. Mimi ni mwanaume, nina miaka 38. Nilifanyiwa nikiwa na miaka minane, na mtu aliyekuwa akinifundisha kuendesha baiskeli. Sijawahi kumwambia mtu isipokuwa mke wangu.

Bwana Jela, sikulaumu, lakini kila mara mazungumzo haya yanapofika kwenye "walionyanyaswa wakiwa wadogo" mimi najifunga. Unajua nilisubiri miaka mingapi kuwa na mtoto? Niliogopa. Nilishasikia redioni kwamba aliyetendewa hutenda. Kijana wangu alipozaliwa sikuwa namwogesha. Mke wangu alidhani simpendi. Miezi saba, mpaka nilipomweleza.

Wengi wetu tuliofanyiwa hatumfanyii mtu. Tuko wengi kuliko mnavyofikiri, ofisini kwenu tupo, kwaya tunaimba pamoja. Kwa hiyo mnapotafuta sababu, tafuteni, mimi naunga mkono. Ila msituchore sisi kama mbegu ya ubaya. Maumivu tuliyopewa yanatosha.

Na kuhusu adhabu. Kuna siku nilitaka yule mtu afe. Sasa hivi, nikijua alikuwa wa ukoo na kwamba bibi yangu aliona, nilichokitaka zaidi kuliko kifo chake ni mtu mzima mmoja aseme, "nimekuamini." Bibi alinipa sukari guru akaniambia nisicheze kule tena.

#8 Karani Mstaafu

Kimya Kirefu, asante sana kuja. Tumekuamini.

#9 Baba Mapacha

Kaka, pole. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu kama wewe anasoma tunayoandika humu. Nimewaangalia mapacha wangu wamelala nikakosa la kusema.

#10 Mshauri wa Watoto

Nafanya kazi ya ushauri nasaha, wengi wa wateja wangu ni watoto. Naomba niongeze juu ya alilosema Kimya Kirefu maana ni sahihi: kufanyiwa ukatili utotoni kunaonekana zaidi katika historia za wakosaji kuliko za watu wengine, lakini sehemu kubwa ya waliofanyiwa hawafanyi. Ukichukua nusu ya sentensi hiyo unaumiza watu.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 na kutolewa 2011, na Muhimbili, UNICEF na kituo cha CDC cha Marekani, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walipata ukatili wa kingono kabla ya kutimiza 18, na kwa wavulana karibu mmoja kati ya saba. Angalieni darasa lenye watoto 60, muhesabu. Wale wanaowafanyia hawawezi kuwa majitu machache ya porini.

Katika kazi yangu naona watu wa aina tofauti, na kila mmoja anahitaji kuzuiwa kwa njia yake. Yupo ambaye hamu yake iko kwa watoto tangu ujana wake. Ni wachache, na ndiye tunayemfikiria sote tunaposikia neno hili. Yupo ambaye hana hamu hiyo ya pekee, ila ana nafasi na madaraka, na mtoto ndiye asiyeweza kukataa. Hawa ndio wengi. Halafu wapo wavulana wa miaka 13, 14, 15, na hawa wananiumiza kichwa kuliko wote, kwa sababu mzazi anakuja kuniambia "mchezo wa watoto" wakati kuna aliyeumia, au anakuja kudai mvulana afungwe maisha wakati ukimkalisha chini unaweza kabisa kumgeuza.

Kuhasi: dawa zinazopunguza hamu zipo, na zinaweza kusaidia baadhi ya watu wa kundi la kwanza wanaokubali wenyewe na kufuatiliwa na daktari. Kwa yule mwenye madaraka na nafasi hazifiki penye tatizo. Ana mikono, ana simu, ana funguo za bweni.

Ujerumani walifanya jambo ambalo hapa ukilisema watu watakurushia viti. Tangu 2005, hospitali ya Charité ya Berlin ilifungua mlango kwa watu wanaojijua kwamba wanavutwa na watoto na hawataki kutenda. Bure, kwa siri. Watu wakaja, kwa hiari yao. Watafiti bado wanabishana mpango ule umezuia madhara kiasi gani, sitawauzia kama dawa ya miujiza. Ninachowaomba ni mfikirie hivi: kijana wa miaka 17 hapa Dodoma au Mwanza anayejiona ana tatizo hili leo, anakwenda kwa nani? Mchungaji atamkemea pepo. Baba atamfukuza. Kwa hiyo anabaki nalo, na analibeba hadi awe mwalimu wa zamu.

#11 Mzalendo wa Kigamboni

Mshauri, hilo la mwisho silikubali. Pesa ya kumtibu mtu kama huyo na zahanati zetu hazina hata dawa za watoto waliobakwa? Anza na waliotendewa.

#12 Mshauri wa Watoto

Hoja yako ina nguvu. Nikipewa shilingi moja nitampa aliyetendewa. Nikipewa mbili, ya pili nitaiweka hapo.

#13 Mama wa Sinza

Kuna kitu hakijatajwa na mimi naona aibu kama taifa. Mnakumbuka wanamuziki Babu Seya na mwanawe Papii Kocha? Juni 2004 wao na wana wengine wawili wa Babu Seya walihukumiwa maisha kwa makosa dhidi ya wanafunzi wa shule ya msingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wale wana wengine wawili. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli akawasamehe baba na mwana waliobaki. Jiji lilivyolipuka kwa shangwe sitasahau. Machi 2018 Mahakama ya Afrika pale Arusha nayo ikasema haki zao za kusikilizwa kwa usawa zilivunjwa.

Sitaki kufungua upya nani alifanya nini. Wao siku zote wamesema hawakutenda, na kama kesi haikuendeshwa kwa haki basi tulipaswa kukasirika tangu 2004. Nasema juu yetu sisi. Miaka ile ile tulikuwa tunaandika "mbakaji anyongwe" kwenye kila habari, lakini kwa hawa tulidai msamaha kwa sababu tuliwapenda na nyimbo zao tulizicheza kwenye harusi. Siku ile ya shangwe nilitafuta kwenye magazeti mtu mmoja anayeuliza wale watoto, sasa watu wazima, wameamkaje. Wote: wale waliosema ukweli wao na wale ambao pengine walisemeshwa na wakubwa. Kwa vyovyote vile walitumika. Hakuna aliyewauliza.

Ndiyo maana namwelewa mleta mada. Hukumu yetu inategemea tunamjua nani.

#14 Mwalimu wa Awali

Naomba kuongeza la viboko, najua baadhi yenu hamtapenda. Agosti 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi Bukoba alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu, na 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu kunyongwa. Tulishtuka wiki mbili. Kanuni zetu zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, viandikwe kwenye kitabu. Nani anaandika?

Ninachotaka kusema ni hiki. Mtoto wa miaka sita darasani kwangu ameshajifunza kwamba mwili wake ni wa wakubwa. Anashikwa, anavutwa sikio, anachapwa, anaambiwa msalimie mjomba, kaa mapajani kwa babu, usimjibu mkubwa. Akikataa kumpa mgeni mkono anapigwa kofi mbele ya mgeni. Kisha siku mtu anapomshika pabaya tunamuuliza, "mbona hukupiga kelele?" Tulimfundisha lini kupiga kelele? Mimi siku hizi nawaambia wangu: shikamoo inatolewa na mdomo, haihitaji mwili. Wazazi wawili wamekuja kunilalamikia kwamba nafundisha ujeuri.

#15 Bi wa Ng'ambo

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Na mgeni asilazwe chumba cha watoto, hata awe nani. Nyumba ndogo, najua. Alale sebuleni.

#16 Baba Mapacha

Nimerudi. Sijabadilika juu ya adhabu, na nisidanganye hapa: anayembaka mtoto mimi nataka asitoke. Lakini nimefanya jambo jana. Kuna kaka wa mke wangu anakuja mara kwa mara, anawapenda sana wale watoto, anawaletea chipsi, anataka kutoka nao peke yake. Huenda hana lolote baya, sina ushahidi. Ila nilikuwa naona na nanyamaza kwa sababu alinisaidia mahari. Jana nimemwambia watoto hawatoki na mtu mmoja. Amekasirika, mke wangu pia amekasirika. Nimelala sebuleni.

#17 Karani Mstaafu

Mkuu, umefanya kile ambacho kwenye majalada yangu yote nilikitafuta sikukiona.

#18 Mgeni 2207

Samahani kuingilia. Nimejiunga sasa hivi ili niulize. Mtoto wa dada yangu ana miaka sita. Leo saa kumi ametuambia jambo kuhusu mtu wa humu humu nyumbani. Dada analia tu, anasema tusubiri mume wake arudi safari kesho kutwa. Mama mkwe anasema tumwogeshe mtoto kwanza. Nifanye nini? Niko wilayani, si mjini.

#19 Karani Mstaafu

Mwanangu, soma taratibu, fanya sasa.

Msimwogeshe. Nguo alizovaa msizifue, zifunge kwenye khanga safi au mfuko wa karatasi, si nailoni. Usimhoji mtoto tena na tena. Mwambie tu umemwamini na hana kosa, na usimuahidi kwamba mtu fulani hatafanywa chochote.

Nendeni hospitali leo hii. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinafanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Kesho kutwa ni kuchelewa. Kama kituo cha polisi kiko njiani, pitieni Dawati la Jinsia na Watoto mchukue PF3, fomu ya polisi ya kupeleka kwa daktari. Kama hospitali iko karibu zaidi, anzeni hospitali, mtoto atibiwe, na fomu ifuatilie. Msikubali kurudishwa. Piga 116, ni bure, ni namba ya mtoto, waeleze uko wilaya gani watakuelekeza kwa afisa ustawi.

Mtoto asilale nyumba moja na mtu huyo usiku wa leo. Akiondoka mtoto na mama, sawa. Ila mjue mko wapi, msimhamishe mkoa. Tafuteni cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki muiweke pamoja na karatasi za daktari. Mtu akija na bahasha au na wazee, mwambieni kesi ni ya Jamhuri, ninyi hamna mamlaka ya kuifuta. Hiyo ni kweli na itawasaidia kupumua.

Na dada yako usimgombeze. Mshike mkono mwende naye.

#20 Kimya Kirefu

Mgeni, kama humo njiani unahitaji mtu wa kuandikiana naye, mimi niko macho.

#21 Mgeni 2207

Tumefika hospitali saa tatu usiku. Nesi ametupokea vizuri, mtoto ameanza dawa. PF3 tunafuata asubuhi. Dada bado hajampigia mumewe. Mama mkwe amebaki nyumbani, amesema tumemwaibisha. Mtoto ameuliza kama kesho atakwenda shule, nimemwambia akitaka, atakwenda.

#22 Bwana Jela wa Zamani

Asubuhi mkifika kituoni ombeni namba ya RB, yaani ya taarifa yenu kwenye kitabu cha polisi, muiandike, na jina la mpelelezi. Kisha utuambie hapa.